Kalamu, bahasha na mbia unayemtafuta: maswali yenu

Mwezi huu maswali mengi yametoka kwa wenye kampuni changa wanaotaka kuwaandikia watu barua kwa mkono ili wapate ubia. Waliouliza "naanzaje?" bila kusema wanauza nini nimewaacha.

Zama hizi za WhatsApp, barua ya mkono bado ina maana? (Entebbe)

Ina maana kwa sababu ya hiyo hiyo WhatsApp. Meneja hupata ujumbe kutwa hadi anachoka, lakini bahasha yenye jina lake kwa wino haimfikii kila siku. Ataifungua. Mwandiko kazi yake imeishia hapo. Akishaanza kusoma, utabebwa au utaangushwa na ulichomwandikia.

Nilimwandikia mkurugenzi mtendaji wa duka kuu, kimya. Nilikosea wapi? (Mbale)

Ulikosea mtu wa kumwandikia. Mkurugenzi hapangi rafu. Mwandikie yule ambaye shida unayoitatua inamkuta kazini: meneja wa tawi, mnunuzi wa bidhaa, mkuu wa usafirishaji, meneja wa mikopo wa SACCO. Jina lake utalipata mapokezi kwa simu moja: "Naomba jina kamili na cheo cha anayeshughulikia wauzaji wapya, nataka kumwandikia." Akikutajia, mwombe alitaje herufi kwa herufi.

Hapa Uganda majina hayana mpangilio mmoja. Huyu hutanguliza jina la ukoo, yule hutanguliza la dini, na watoto wa baba mmoja wanaweza wasiwe na jina hata moja la pamoja. Kwa hiyo usibahatishe lipi likae baada ya "Bwana". Liandike lote, kama mwenyewe anavyoliandika. Vyeo navyo visikuponyoke: Hajji, Hajjati, Mhandisi, Daktari. Mtu amehiji, wewe unamwita "Bwana" tu, basi mstari wa kwanza umeshamwambia kwamba hukuuliza. Na anayeandika "Kwa yeyote anayehusika" kwa mkono wake mwenyewe ameharibu karatasi bure.

Natengeneza makaa mbadala, nataka duka kuu la hapa liniuzie. Barua iwe ndefu kiasi gani, niseme nini? (Jinja)

Karatasi ya A5, upande mmoja, maneno 120 hadi 150. Ukigeuza nyuma umeshaanza kuhubiri. Historia ya kampuni, ndoto zako na tuzo ulizopewa hazina nafasi humo, wala neno "ushirikiano" peke yake, kwa maana anayeliomba huwa hajasema anataka nini. Andika kitu ulichokiona dukani kwake, ombi moja dogo, nani atabeba hasara, na siku utakayopiga simu. Mfano wa kiini chake:

"Hajjati, Jumamosi nilikaa karibu na bucha ya tawi lenu saa tatu nzima. Watu 14 walinunua nyama ya kuchoma. 9 wakauliza makaa yako wapi, wakatoka kwenda kuyatafuta barabarani. Naomba nafasi ya mifuko 20 ya kilo 2 kando ya bucha kwa wiki 4. Itakayobaki nitaichukua mwenyewe, hamtalipa chochote. Nitapiga simu Alhamisi saa nne asubuhi kusikia jibu lako."

Hesabu ya watu 14 na 9 ndiyo inayombana msomaji, kwa kuwa ni wateja wake na pesa zao zinatoka nje ya mlango wake. Takwimu za soko la Afrika Mashariki nzima hazimhusu. Mifuko 20 anaweza kuikubali bila kumwuliza mkubwa wake. Mifuko 2,000 itabidi aipeleke kikaoni, na kikaoni hujui nani atakutetea. Ila hesabu iwe ya kweli. Nenda ukasimame, uhesabu. Yeye yupo pale kila Jumamosi, uongo ataujua.

Hukuliuliza hili, lakini kausha makaa yako sawasawa kabla hujashika kalamu. Makaa yaliyofungwa na unyevu hufanya ukungu mfukoni, hubomoka, na yakiwashwa hutoa moshi. Ukipewa wiki 4 ukapeleka mali ya namna hiyo, hutapewa nyingine.

Nitumie mfano wa barua nibadilishe majina tu. (wasomaji sita, na si mara ya kwanza)

Hapana. Barua inayofaa kwa watu hamsini haimfai hata mmoja wao. Andika tano kwa wiki, kila moja baada ya kwenda kumwona huyo mtu anafanyaje kazi.

Mwandiko wangu mbaya. Nichape kwa zile herufi za kompyuta zinazofanana na mwandiko? (Mukono)

Usithubutu. Kila "a" hutoka sawa na mwenzake, na mtu huligundua hilo kwa jicho la kwanza; hapo utakuwa umemdanganya kabla hamjajuana. Andika kwa herufi zilizoachana, taratibu, uweke karatasi yenye mistari mizito chini ya ile unayoandikia. Tengeneza rasimu kwanza. Ukikosea neno kwenye nakala safi, anza upya, usifute kwa wino mweupe.

Kalamu gani na karatasi gani? (Masaka)

Biki ya buluu au nyeusi inatosha, tena ina faida: wino wake ni wa mafuta, haukimbii ukipata maji. Kalamu ya wino wa kujaza inapendeza, lakini wino wake mwingi ni wa maji. Bodaboda akinyeshewa njiani, jina la mpokeaji linabaki doa. Ukiipenda sana, basi anwani juu ya bahasha iandike kwa biki. Karatasi ya gramu 80 ya fotokopi huonyesha wino upande wa pili. Tafuta ya gramu 100 au 120. A5 huingia bila kukunjwa kwenye bahasha ya C5, na ikikunjwa mara moja huingia C6. Usiipige pini.

Nimetuma kwa posta, wiki tatu sasa. Nifanyeje? (Kampala)

Barua ya kawaida nchini mwetu huishia kwenye sanduku la posta, haifiki mlangoni. Kwenye kampuni kubwa tarishi huzoa zote kwa pamoja, zikapita masjala, zikagongwa muhuri, zikaingia faili. Kama mko mji mmoja, peleka mwenyewe au mtume mtu, naye aende na kitabu cha kupelekea barua chenye tarehe, jina la mpokeaji na sahihi. Bila sahihi utaishia kubishana na askari wa getini. Mbali zaidi, tumia EMS, huduma ya haraka ya Posta, au mpe dereva wa basi unayemwamini, na hapo mwisho wa safari awepo mtu wako wa kuipokea.

Fikisha Jumanne au Jumatano asubuhi. Jumatatu ni vikao, Ijumaa mchana watu wamekwenda msikitini au wanawaza kijijini. Kisha piga simu siku ile ile uliyoiandika kwenye barua. Wengi wenu hamwandiki siku, au mnaiandika halafu hampigi, kisha mnalalamika kwamba barua hazifanyi kazi. Sekretari akikuambia bosi yuko kikaoni, mwulize jina lake, mshukuru, mwulize upige lini. Yeye ndiye anayeamua bahasha ipi ikae juu.

Niandike Kiswahili, Kiingereza au Luganda? (Busia)

Lugha atakayojibu nayo bila kutafuta maneno. Mfanyabiashara wa mpakani, Kiswahili. Benki ya Kampala, Kiingereza. Salamu fupi kwa lugha ya nyumbani kwake ni heshima, mradi una uhakika nayo.

Nitie kitu kidogo ndani ya bahasha? (Mbarara)

Ukitia pesa, hiyo ni rushwa, na Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 haikuziacha nje kampuni binafsi. Sampuli ya bidhaa, sawa.

Je, barua kama hizi niziandike wizarani pia? (Gulu)

Ununuzi wa serikali una sheria yake, ile ya PPDA (ununuzi na uondoshaji wa mali za umma) ya mwaka 2003. Zabuni ikiwa wazi, maswali yako yapitie njia iliyotajwa kwenye tangazo. Barua ya pembeni kwa mjumbe wa tathmini itakuponza.

Amenijibu kwa mkono, "Nimekubali, leta." Nipeleke mzigo? (Lira)

Kwanza soma tena barua uliyomwandikia wewe. Uliandika kiasi, bei na muda? Kama uliandika, naye amekubali, huenda tayari mna mkataba, na ile bei ya shauku uliyoiandika usiku itakubana. Kwa Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010, mkataba unaozidi pointi 25 za sarafu, yaani shilingi 500,000, sharti uwe wa maandishi, na mwandiko wa biki ni maandishi. Ndiyo maana barua ya kwanza inaomba majaribio tu, bei inabaki kwenye karatasi rasmi yenye jina la kampuni kama lilivyosajiliwa URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni. Sasa muandikie hati ya ukurasa mmoja: kiasi, bei, siku za malipo, mali isiyouzwa inarudi kwa gharama ya nani. Ikisainiwa pande zote mbili, pakia mzigo. Na kuanzia leo, kila barua ipige picha kabla hujafunga bahasha.