Unaanza kazi kwenye hoteli mpya ya katikati ya Arusha? Soma haya kwanza

Wiki iliyopita nilipita maeneo ya Barabara ya Boma, nikakuta mabinti watatu wamesimama kwenye geti la jengo moja, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Ndani mafundi walikuwa bado wanapiga rangi na vigae vya ngazi havijaisha, lakini wao walishasikia kwamba panafunguliwa hoteli, wakaamua kuwahi. Tulisalimiana, tukaongea kama robo saa. Waliyoniuliza ni yale yale niliyokuwa najiuliza mimi miaka kumi na sita iliyopita, nilipoanza kufua mashuka hapa mjini, na wakati ule sikupata wa kunijibu. Kwa hiyo nawaandikia wao, na nyinyi mliotoka VETA Njiro au Chuo cha Taifa cha Utalii, na nyinyi mnaoingia bila cheti chochote kama nilivyoingia mimi.

Hoteli ya hadhi katikati ya mji si jambo geni Arusha. Ile kongwe ya pale Mnara wa Saa inajihesabia umri tangu 1894. Mount Meru ipo jirani na uwanja wa gofu, na baadaye ikaja Gran Meliá. Kipya ni hizi ndogo za kifahari, wenyewe wanaziita butiki: vyumba kumi na viwili, pengine ishirini, jengo la zamani limevuliwa likavishwa upya, na juu ya paa kuna mgahawa unaoutazama Mlima Meru. Wenye fedha wamepiga hesabu. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni mbili, na wengi wanaokwenda Tarangire, Ngorongoro na Serengeti hupitia hapa. Kuna mikutano ya AICC, kituo cha kimataifa cha mikutano, kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuna Mahakama ya Afrika. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa Fainali za Mataifa ya Afrika, na uwanja mpya wa mpira unajengwa hapa hapa Arusha. Kazi zipo. Ninachotaka mjue ni kazi ya namna gani.

Shina la yote ni hili: mgeni wa mjini analala usiku mmoja. Kule porini, kwenye loji, anakaa siku mbili tatu; ukimkosea mchana utamtengenezea jioni. Hapa anatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, usiku, yuko barabarani karibu saa nzima, anaingia kwako saa nne akiwa amesinzia kwenye kiti tangu Amsterdam au Doha. Kesho saa moja asubuhi dereva wake yuko mlangoni. Una saa tisa, na sita kati ya hizo amelala. Muda wa kusahihisha kosa haupo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yako unaifanya kabla hujamwona usoni.

Nitoe mfano wa maji ya moto. Kwenye majengo haya ya zamani yaliyokarabatiwa, chumba cha mwisho wa korido hukawia kupata maji ya moto hata kama tangi limejaa. Nilikuwa naingia chumba hicho jioni, nafungua bomba la bafu, naweka mkono chini yake na kuhesabu. Kuna kimoja kilinifikisha mia moja na arobaini. Mgeni aliyechoka hafiki huko. Akifika thelathini anafunga bomba, anaoga maji ya baridi, na kesho yake anaandika kwamba hoteli haina maji ya moto. Hatakuwa amesema uongo. Nilichojifunza ni kumwomba dereva anipigie akipita Tengeru, njiani kutoka KIA. Simu ikiita tu, napanda juu kufungua bomba. Mgeni akifungua mlango, bafu lina mvuke. Na nilimwandikia fundi, si mara moja, mpaka bomba lile likafungwa upya.

Baridi nayo wageni wengi hawaitegemei. Mji wetu uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba wenyewe mnajua. Mtu amefunga safari ya Afrika na kaptula tatu. Blanketi la ziada likae mahali ambapo jicho lake litalikuta, siyo rafu ya juu kabatini. Chupa ya maji ya moto iliyowekwa chini ya shuka dakika kumi kabla hajalala imeniletea shukrani nyingi kuliko matunda yote niliyowahi kupanga kwenye sahani.

Sasa mizigo, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Ndege ndogo zinazoruka kutoka uwanja wa Arusha, pale Kisongo, huruhusu kilo 15 kwa mtu, tena begi laini. Wapanda mlima nao hawapandi na masanduku. Kwa hiyo kila asubuhi wageni wanatuachia masanduku yao makubwa, wanarudi baada ya siku nne, sita, kumi. Stoo ya mizigo ya hoteli ndogo ya mjini ina dhamana kubwa kuliko sefu.

Mwaka wangu wa tatu, nikiwa nimeshahamia mapokezi, nilipokea masanduku mawili ya kijivu kwa siku mbili tofauti, yanafanana kama mapacha. Nikaandika namba ya chumba kwenye kila kitambulisho, nikaridhika. Siku sita baadaye dereva alikuja kuchukua sanduku la mgeni wake aliyekuwa anaondoka usiku ule, akaniambia, "Dada, lile la chumba namba saba." Nikampa la saba. Ila chumba namba saba kilikuwa kimeshalaza wageni wengine watatu kati ya siku hizo, na mmoja wao ndiye aliyeacha sanduku lile. Niligundua nilipoinua lililobaki na kuona jina kwenye kile kikaratasi cha ndege kilichobaki kwenye mpini. Mikono ilikufa ganzi. Nilimpigia dereva, akapokea akiwa Usa River. Aligeuza. Mgeni aliwahi ndege yake kwa dakika chache, na meneja wangu hakunifokea, alinikalisha chini tukaandika pamoja utaratibu mpya: jina kamili, tarehe ya kurudi, kampuni ya safari, namba ya simu ya dereva, na picha ya sanduku pamoja na mwenyewe akiwa amesimama kando yake. Namba ya chumba haimo. Utaratibu huo ninautumia hadi leo, na kila anayeanza kazi kwangu anaujua kabla hajajua bei za vyumba.

Kuhusu bei, neno moja tu: kwa kanuni za mwaka 2025, bei za ndani ya nchi hutangazwa kwa shilingi. Jizoeze kutaja laki na milioni kwa Kiingereza fasaha bila kusitasita, maana mgeni akikuona unasitasita anadhani unabuni bei.

Hoteli ikiwa ndogo, hakuna pa kujificha. Uliyeajiriwa mapokezi utabeba begi, utapeleka chai juu, utasaidia kufunga lanchiboksi saa kumi na moja alfajiri. Wako wanaoona wameshushwa hadhi. Mimi naona ndiyo shule yenyewe, kwa sababu kwenye hoteli ya vyumba mia mbili unaweza kukaa miaka mitano hujajua jikoni kunavyoagizwa nyama. Jifunze na vitu vya kufuliwa, hata kama si idara yako. Mgeni anayerudi kutoka Serengeti anarudi na vumbi la kijivu jepesi kama unga, liko kwenye viatu, kwenye kamera, mpaka ndani ya masikio. Atafuta viatu kwa taulo lako jeupe, na taulo lile halitarudi kuwa jeupe. Ukimwekea mlangoni kipande cha taulo kuukuu la rangi nyeusi na brashi, na ukamwambia kwa upole kwamba hiki ni cha viatu, atakitumia. Mama mmoja wa dobi, ambaye nilikuwa namwamkia shikamoo kila alfajiri kabla ya kugusa chochote, ndiye aliyenifundisha hilo. Watu kama yeye mtawakuta kila hoteli, wako nyuma kwenye mvuke. Wasalimieni, kaeni nao wakati wa chai. Wanajua mengi kuliko kitabu cha mafunzo kilichokuja na jina la kampuni ya nje.

Kuna jambo linaloniuma na sitalizunguka. Hoteli hizi mpya zinafundisha wafanyakazi kumpokea mgeni kwa kitambaa cha unyevunyevu na glasi ya juisi ya ukwaju. Ni vizuri. Lakini nimesimama kwenye mapokezi, nikaona familia ya Watanzania imetoka Dodoma kwa mahafali ya kijana wao, baba, mama na watoto wawili, wamelipia vyumba viwili kwa fedha zao. Swali la kwanza waliloulizwa ni, "Mna bukingi?" Dakika tano nyuma yao wakaingia Wazungu wawili, trei ikatoka. Yule mtoto mdogo akamvuta mama yake gauni na kuuliza, "Mama, sisi juisi yetu iko wapi?" Mama alimwambia anyamaze. Kijana aliyekuwa zamu hakuwa na roho mbaya; hakuna aliyewahi kumwambia kwamba trei ile ni ya kila anayeingia. Nawaambieni nyinyi sasa. Mwezi wa nne na wa tano, mvua za masika zikinyesha na watalii wakapungua, wanaolaza vichwa kwenye mito yenu ni watu wa semina, maofisa wa Jumuiya, mawakili, maharusi wa Njiro na jamaa wa Nairobi waliokuja wikiendi. Wanakumbuka walivyopokelewa mwezi wa nane.

Na ujue mji wako. Mgeni wa usiku mmoja akibaki na asubuhi tupu, ataomba umwelekeze. Wengi wetu tunamwita teksi impeleke duka la vinyago lenye kamisheni. Sikatai kamisheni, nakataa kudanganya. Kutoka katikati ya mji kwa miguu kuna Boma la Wajerumani, ambalo leo ni makumbusho ya mambo ya asili. Kuna makumbusho ya Azimio la Arusha la 1967. Kuna Soko Kuu, ambako mwanamke wa Kimeru atamwonyesha parachichi lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Nenda huko mwenyewe siku ya mapumziko, ulipe kiingilio, uone. Na umwambie ukweli kuhusu flaikacha, wale wachuuzi wanaowafuata watalii mtaani: watamfuata kwa bangili na michoro, wengi wao ni vijana wanaohangaika kama sisi, aseme hapana mara moja kwa heshima na aendelee kutembea, simu aiweke mfuko wa ndani. Ukimtisha hatatoka, ukimficha ataporwa akulaumu wewe.

Mwisho ni karatasi. Hoteli inayofunguliwa ina pilikapilika nyingi na mikataba huwa ya baadaye. Ya kwanza niliyoshiriki kuifungua, nilikwangua rangi kwenye vioo na kubeba magodoro kwa miezi miwili. Siku ya ufunguzi tukaambiwa mshahara unaanza kuhesabiwa leo. Nilikaa kimya kwa sababu niliogopa nafasi yangu. Nisingekaa kimya sasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi tisa kwa siku. Ukizidisha unalipwa mara moja na nusu. Kazi ya kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia tano kwa kila saa, na wengi wenu shifti zenu zimo humo. Likizo ni siku 28 kwa mwaka. Michango ya NSSF angalia mwenyewe kwenye simu kama inaingia, usisubiri kuambiwa. Mgogoro usiohusu kuachishwa unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, wa kuachishwa ndani ya siku 30. Mimi nilipozijua siku hizo zangu zilikuwa zimeshapita. Uliza pia tipu inagawanywaje, na kama watu wa dobi na jikoni wamo.

Wale mabinti, wawili kati yao waliuliza mshahara na sare. Wa tatu alikuwa kimya muda wote, mpaka nilipotaka kuondoka ndipo akasema, "Dada, shifti ya jioni ikiisha saa tano, mtu anarudije Kwa Mrombo?" Daladala saa hiyo ni za kubahatisha, na bodaboda ya kila usiku inamaliza robo ya mshahara wa anayeanza. Nimewahi kulala kwenye chumba cha kufulia, juu ya marundo ya taulo, zaidi ya mara kumi. Nilimwambia hilo ndilo aulize kabla ya kusaini, na kama watajibu kuna gari, aulize linaondoka saa ngapi na linafika mpaka wapi. Alitoa kalamu, akaandika nyuma ya bahasha.