Muulize Nalongo: Papa wa zambarau

SWALI: Shikamoo Nalongo. Mimi nauza samaki hapa mwaloni Ggaba. Kijana wangu ana miaka minne, yuko nasari. Juzi walipewa karatasi ya papa wapake rangi. Yeye akampaka zambarau mwili mzima, hadi macho, na akatoka nje ya mistari. Karudi na alama ya kosa kwa wino mwekundu, na sasa krayoni hataki hata kuziona. Tena nauliza, papa wa nini kwetu sisi watu wa ziwa? Si wangemchorea ngege, yaani sato, anayemjua?
Mama Musa, Ggaba

JIBU: Marahaba, Mama Musa. Nianze na huo wino mwekundu, maana umeniuma. Mtoto wa miaka minne akipaka rangi hafanyi mtihani. Anajifunza kushika, kukandamiza, kuusimamisha mkono pale anapotaka, na kukaa na kazi moja mpaka iishe. Kutoka nje ya mistari ni jambo la umri wake, vidole bado havijakomaa. Nenda kwa mwalimu kwa upole, mwombe karatasi nyingine ya papa yuleyule, na mweleze kwamba mtoto amevunjika moyo. Walimu wengi wakiambiwa vizuri husikia.

Nyumbani, zivunje krayoni ziwe vipande vifupi. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, kinamlazimu mtoto atumie ncha za vidole, na mshiko wa kalamu huanzia hapo hapo.

Sasa la papa. Ni kweli hayupo kwetu, ni samaki wa baharini. Lakini wewe una kitu ambacho walimu wengi wa mjini hawana: samaki mzima mezani kila asubuhi. Mchukue ngege ambaye hujampara, mweke kando ya ile karatasi, umwite kijana. Mwambie ainue kwa kidole kile kifuniko cha shavuni aone matamvua mekundu yaliyojificha ndani. Kisha aangalie kwenye mchoro. Papa hana kifuniko, ana mipasuko iliyo wazi ubavuni. Papa wengi wana mitano kila upande, wachache wana sita au saba. Michoro mingi ya watoto huweka mitatu tu kwa haraka ya mchoraji, basi mwache Musa aongeze miwili kwa penseli. Mtoto akishasahihisha mchoro wa mtu mzima, hatousahau.

Mwache apapase magamba, wewe ukiyapara yakiruka. Papa naye ana magamba, ila ni madogo mno na yameumbwa kama meno, ngozi yake ukiipapasa kutoka mkiani kwenda kichwani inakwaruza. Mkishakula, mwekee uti wa mgongo wa ngege kwenye sahani auone. Papa hana mfupa hata mmoja, mwili wake umeshikiliwa na gegedu. Mwambie akunje sikio lake mwenyewe kwa juu: hilo ndilo gegedu.

Rangi ije mwisho. Papa wengi wana mgongo mweusi mweusi au wa kijivu na tumbo jeupe, na hata mputa (sangara) unaowauza tumbo lao limeng'aa kuliko mgongo. Usimpe sababu kwa maneno. Kateni papa wawili wa karatasi, mmoja mweupe, mwingine mmempaka mkaa. Mweupe muinue juu, Musa amtazame kutoka chini mawingu yakiwa nyuma yake. Mweusi mlaze kwenye kitenge cheusi, amtazame kutoka juu. Wote wawili wanakaribia kupotea machoni. Ndivyo papa anavyojificha: wa chini yake anaona mwanga, wa juu yake anaona giza la kina. Baada ya hapo mwulize mwenyewe atampaka rangi gani. Akichagua zambarau tena, mwache. Ukweli ameshaujua, na karatasi ni yake.

SWALI: Nalongo, nafundisha watoto wadogo nje kidogo ya Arua. Hatuna mashine ya kuchapisha, krayoni ni za kugombania. Nao wameomba papa!
Mwalimu, Arua

JIBU: Mwalimu mwenzangu, mashine haina ulazima. Papa mdogo kuliko wote wanaojulikana anaishi kwenye kina kirefu cha bahari upande wa Kolombia na Venezuela, na urefu wake ni kama sentimita 20. Huyo anaenea kwenye ukurasa wa daftari kwa ukubwa wake halisi. Mchore kwenye boksi gumu, mkate, watoto wamfuatishe kwa penseli kwa zamu. Tumbo lake hutoa mwanga gizani, basi hapo ndipo watumie hiyo krayoni moja ya njano, kwingine ni mkaa wa kusugua kwa kidole.

Halafu tokeni uwanjani na kamba ya mita 12. Papa potwe, yule mwenye madoadoa meupe anayeonekana kwenye kisiwa cha Mafia, Tanzania, hufikia urefu huo na hata kuupita. Watoto wajilaze kwenye kamba, mmoja miguuni pa mwingine, mpaka ifike mwisho. Mchoreni pale pale kwa majivu, na madoa wayaweke kwa viganja. Wakikuuliza anakula nini mwenye ukubwa huo, waambie anachuja majini vijidudu na samaki wadogo wadogo. Hiyo huwashangaza kuliko meno.

SWALI: Binti yangu wa miaka mitano aliona papa wa katuni, sasa analia tukitaja ziwa. Tunaishi Entebbe. Nimfiche hizo picha?
Baba wa Entebbe

JIBU: Usimfiche, baba. Mwambie wazi kwamba Ziwa Viktoria halina papa. Aina za papa duniani zinapita 500, na nyingi hazina habari na binadamu. Kaa naye, mpakeni rangi papa potwe, mnyama mkubwa asiyemdhuru mtu. Mtoto anayeshika picha kwa mkono wake huanza kuitawala hofu yake.

Ila baba, usimwambie kwamba ziwa halina hatari yoyote. Kiboko na mamba wapo, na maji yenyewe yanazamisha. Awe anajua kwamba hakanyagi majini bila wewe, avae jaketi la kuokolea kila mnapopanda boti, na utafute mtu wa kumfundisha kuogelea mapema.