Jibu: Maikrofoni mpya ya simu haipokei sauti baada ya bodi kuoshwa

Asalaam aleikum ndugu yangu. Umeeleza kwamba ulibadilisha maikrofoni ya simu, ukaiosha bodi kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na sasa haipokei sauti hata kidogo. Kabla hujaing'oa, kagua kitundu chake kwa lenzi kama kimezibwa na utomvu unaotumika kuchomea vipuri kwenye bodi. Kikiwa safi, mashine ndiyo ninayoishuku, kwani ndani ya maikrofoni mna utando wa silikoni wenye unene wa takriban maikromita 1, ambao kiwandani huachwa ukining'inia baada ya tabaka la oksaidi lililo chini yake kuyeyushwa kwa asidi, na mtikisiko ule huupasua. Hapa Mwembe Tayari, Mombasa, niliwahi kuharibu mbili, moja kwa kuipuliza hewa ya kompresa. Ukiweka nyingine, ziba kitundu kwa utepe, usafishe pembeni kwa brashi yenye spiriti kidogo, kisha uubandue.