Ile picha ya mataa

Mdogo wangu, umeniandikia ati huku Uingereza ndiko kwenye Majilio yenyewe, majuma haya ya kuingojea Krismasi, kisa umeniona kwenye picha nimesimama chini ya mataa ya mjini. Na mama mdogo keshawarushia kwaya nzima ya kanisa lenu la Mkunazini, Unguja, sasa kila mtu anajua mie nimeula. Picha ile niliipiga nikingoja basi la kwenda zamu ya usiku, miguu imekufa ganzi.

Mwezi huu jua linazama kabla ya saa kumi alasiri. Leo, Jumapili ya tatu, kanisani tulikuwa watu kumi na wanne. Injili ilikuwa ile ya Yohana yuko gerezani, anatuma watu wamuulize Yesu kama ndiye, au wamtazamie mwingine. Yohana! Aliyembatiza kwa mkono wake! Machozi yalinitoka.

Kazi yangu unaijua jina tu, kulea wazee. Maana yake nawaosha, nawabadilisha nepi, na wapo wanaonitukana kwa weusi wangu. Kuna bibi mmoja, kila ikifika saa tatu usiku anavaa koti, anafunga vifungo mpaka shingoni, kimoja hakipo, pale anapashika kwa vidole. Anakaa karibu na mlango, mkoba mapajani, anamngoja mwanawe. Mwaka wa pili huu sijamwona huyo mwana. "Kafika?" Namwambia yuko njiani. Mwanzoni niliona namdanganya. Siku hizi navuta kiti, tunangoja wote.

Na mama huko Weti kila nikipiga simu ananiuliza nakuja lini. Namjibu mwakani, Mungu akijaalia.

Sasa hilo la nikutafutie kazi. Wakala asikule hata shilingi! Viza za kazi hii kwa wanaotoka nje zilifungwa 22 Julai 2025. Na tangu 11 Machi 2024 hata mwenye kazi haruhusiwi kuleta mke wala watoto, ndiyo maana shemeji yako yuko huko nami niko huku. Kaa kwenu. Lakini pasipoti usiiache ikaisha muda, hujui. Hapo Mkunazini unasali mahali walipouzwa watumwa, jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya 1873, mwaka uleule soko lilipofungwa, halafu tumaini unakuja kulitafuta kwenye mataa ya maduka? Mie nilikuja kulitafuta huku, ndiyo, usinikumbushe.

Pesa nimetuma. Za mama ni za mama, usizimege.

Krismasi niko kazini, wanalipa mara mbili. Mkitoka ibada ya mkesha saa sita, huku itakuwa saa tatu, saa ya koti. Nipigie hivyo hivyo, na kwaya isitawanyike kwanza. Nitamwekea bibi simu sikioni.