Mkuu wa Uyole, usitume hela ya moldi kabla hujapima ulimi wa kifuniko

Umeuliza kama ulipie moldi (umbo la chuma la kutengenezea) ya chupa zako: simamisha malipo kwanza. Mchoro uliouweka hapa, chupa ya nusu lita ya sabuni ya maji, mdomo milimita 21.6 kwa ndani na ulimi wa kifuniko (ile pete ya ndani inayoingia mdomoni mwa chupa) milimita 22.3, ni chupa iliyokwisha kupasuka, inasubiri tarehe tu. Na huyo fundi wa moldi aliyekwambia "kiingie kwa nguvu ndiyo kisivuje" namjua hata bila kumwona. Wako wengi, wote wana sentensi hiyo hiyo, na wote wiki ya nne hawapokei simu.

Piga hesabu. Tofauti ya 0.7 kwenye 21.6 ni zaidi ya asilimia 3. Kifuniko chako ni PP (polipropilini), plastiki ngumu kuliko HDPE (polithini nzito) ya chupa, kwa hiyo sehemu kubwa ya huo mtanuko inabebwa na shingo. Ukijaza maji, shingo itavumilia bila kulalamika. Ukijaza sabuni yenye salfoniki na ungaroli, zile kemikali za kutoa povu na uchafu, mambo yanabadilika. Sabuni haiyeyushi plastiki. Inapenya pale ambapo plastiki tayari imevutwa, inalegeza minyororo inayoshikana kwa ndani, na ufa unaanza. Unaanzia ukingo wa mdomo, unashuka wima, unakata jino la kwanza la skrubu ya shingo. Hauachi weupe wala dalili ya kuvutika, utadhani mtu kapitisha wembe. Dukani watakwambia gari lako liliziangusha.

Sasa lile lililonimaliza mimi: kupima kwa maji. Tena Mbeya, mwezi wa saba, stoo yenye baridi ya kuvaa koti. Chupa zote zilifaulu. Kwa jaribio la namna ile hata mfuko wa rambo ungefaulu. Baridi inachelewesha ufa, joto linauharakisha, kwa hiyo chupa inakaa kimya huku juu, ikishuka Kyela kwenye joto inafunguka rafuni. Hapo unalipa mara tatu: chupa, sabuni, na maboksi ya jirani yaliyolowa.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: shingo ibanwe kutoka juu, isitanuliwe kutoka ndani. Plastiki iliyobanwa haifungui ufa, iliyovutwa ndiyo inafungua. Toa huo ulimi, weka kisahani cha sponji ya plastiki cha milimita 1 ndani ya kifuniko, kikae juu ya ukingo wa mdomo. Ukingo uwe bapa, upana milimita 1.5 hadi 2. Kuupima, tandaza msasa namba 400 juu ya kioo, geuza mdomo wa chupa juu yake mizunguko miwili bila kukandamiza. Sehemu isiyochunika ni bonde, na sabuni itapita hapo hapo. Kisahani kikibanwa robo ya unene wake kinatosha kuziba.

Akikung'ang'aniza ulimi (atakung'ang'aniza, moldi ya kifuniko anayo tayari), basi tofauti isizidi milimita 0.2, na ulimi uwe mwembamba, kama milimita 0.8, ncha imeviringwa, ili unaopinda uwe ulimi. Lakini hilo linataka mashine inayosawazisha mdomo kwa pini wakati wa kupuliza. Kama midomo inakatwa kwa kisu baadaye, kipenyo kinacheza kuliko hiyo 0.2 yenyewe, na unarudi kwenye bahati nasibu.

Meno: kwenye kona ya chini ya jino, pale linapokutana na shingo, dai mviringo wa nusu milimita. Kona kali hukusanya mvuto sehemu moja, na ufa wake hutambaa mlalo, si wima. Ukiona wa mlalo, laumu kona; ukiona wa wima, laumu ulimi. Jino lizunguke mara moja na nusu, yaani shingo inayoitwa 28-410. Kisha kifuniko kikishakazwa, kati ya chini yake na bega la chupa ibaki nafasi ya milimita 0.5 hadi 1. Kikigota begani kabla kisahani hakijabanwa, kitavuja, na kijana wako atakaza zaidi, na zaidi, mpaka kitu kivunjike. Kuvuja na kupasuka mara nyingi ni ugonjwa mmoja.

Kukaza kwa kifuniko cha milimita 28 ni kama nyutoni-mita 1.6. Huna kipimo? Funga kifuniko kwenye mkono wa mbao wa sentimita 20 kuanzia katikati, vuta ncha kwa mzani mdogo wa ndoano: gramu 800 basi. Kesho yake kitafunguka kwa karibu nusu ya nguvu hiyo. Ni kawaida, plastiki imejilegeza. Usirudie kukaza!

Jaribio la kweli: chupa 20 zenye sabuni yako yenyewe, pamoja na pafyumu yake, zimekazwa kwa mzani, zimegeuzwa kichwa chini ndani ya boksi lenye balbu kama la vifaranga, joto nyuzi 50 hadi 60, wiki mbili. Kila asubuhi pitisha tishu kavu shingoni. Moja ikipasuka, usizalishe.

Punje za plastiki omba za kupuliza, MFI (kipimo cha wepesi wa plastiki iliyoyeyuka kutiririka) kati ya 0.2 na 0.4, aina ya kopolima. Plastiki ya ndoo na beseni ina MFI kubwa zaidi, inateleza vizuri kwenye mashine na inapasuka vizuri kwenye sabuni. Iliyosagwa upya usichanganye kwa sasa.

Uliuliza pia rangi, lebo, na kama chupa zitabonyea ukizishusha kutoka huku mita 1,700 kwenda Kyela. Zitabonyea kidogo, ni hewa tu. Rangi na lebo watakujibu wengine. Wewe chukua kalipa, si rula ya shule, pima sampuli kumi za midomo na kumi za ulimi, weka namba hapa leo.