Kitanda cha kukunja ukutani kwenye bedsita ya Kondele

Dada, umeuliza kama kitanda cha kukunja ukutani kitafaa bedsita yako, hicho chumba kimoja cha Kondele, Kisumu, unapolala na kushonea. Futi 10 kwa 10 ukiwa na cherehani na wateja ni kubanana kweli. Kitanda hicho kitakufaa, lakini anza na ukuta. Ugonge kwa vidole: ukilia kama debe tupu, huo ni mbao au jipsamu, hautashika boliti. Unataka mawe au zege, na ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa.

Mimi ningechukua cha 3 kwa 6 kinachoshuka kwa ubavu, yaani upande mrefu ndio unaokaa ukutani. Kinaingia chumbani futi 3 na kidogo tu. Godoro nene litakataa kufunga, inchi 6 zatosha. Neti ining'inize darini, Kisumu mbu hawana huruma.

Springi za kuinua kitanda usifunge mwenyewe, tafadhali. Ikifyatuka inavunja mkono. Tafuta fundi aliyewahi kuzifunga.