Usiivutie tabianchi mstari kwa rula

Kwa miaka mingi nilikuwa nikichukua chati ya joto la dunia, naweka rula juu ya nukta, navuta mstari hadi 2050. Basi. Unapanda pole pole, nikajiambia tutazoea pole pole.

Kilichonitoa huko ni picha za setilaiti za Larsen B, bamba kubwa la barafu lililokuwa likielea pembeni mwa Antaktika. Mwisho wa Januari 2002 bado ni zima, ila juu yake kuna madimbwi ya buluu yaliyojipanga kama michirizi ya kalamu. Kufikia Machi, takriban kilomita za mraba 3,250 zimevunjikavunjika, bahari imejaa vipande. Nilizirudia picha zile usiku kucha. Mara ya kwanza hata sikuyaangalia madimbwi, kumbe ndiyo yaliyokuwa habari yenyewe: maji yale yalijaza nyufa na uzito wake ukazipasua hadi chini. Joto lilipanda kwa miongo, bamba likaenda ghafla bin vuu.

Kwa hiyo ukisoma habari hizi, usiishie kwenye "joto litaongezeka kiasi gani?" Uliza pia: kitu hiki kinavumilia mpaka wapi?

Kuna jamaa yangu hupenda kunikumbusha kwamba tabianchi ilibadilika hata kabla ya viwanda. Kweli. Barafu iliyochimbwa Greenland inaonyesha kwamba miaka kama 11,700 iliyopita joto la huko lilipanda kwa karibu nyuzi 10 ndani ya miongo michache tu. Yeye hilo humtuliza. Mimi hunitisha, maana mtu unayejua ana ugonjwa wa kuanguka humsukumi ili uone kama ataanguka.

Ukipanga jambo la kudumu, iwe nyumba, shamba au bwawa, wastani usikutoshe. Dai na takwimu za mwaka mbaya kabisa, kisha acha nafasi zaidi ya hapo. Na anayekutajia mwaka kamili ambao mkondo mkuu wa bahari ya Atlantiki, ule unaopeleka maji ya joto kaskazini, utasimama, msikilize kwa tahadhari. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, ilisema mkondo huo una uwezekano mkubwa sana wa kudhoofika karne hii, lakini kwamba hautaporomoka ghafla kabla ya 2100, hilo wana imani nalo ya wastani. Fundi akiniambia ana imani ya wastani kwamba paa halitaanguka, sibishani naye. Nahamisha kitanda.